Katibu wa Afya: anayeendesha hospitali bila kumgusa mgonjwa

Mtu wa Tanga akiwa na lalamiko kuhusu Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe maji yamekatika wodini au mwili wa marehemu umecheleweshwa mochwari, husema anataka kumwona Mganga Mkuu. Mkanganyiko unaanzia hapo. Mganga Mkuu wa Mkoa haendeshi Bombo. Ofisi yake iko chini ya Katibu Tawala wa Mkoa, na kazi yake ni kusimamia huduma za afya katika halmashauri zote 11, kuanzia Jiji la Tanga hadi Kilindi. Hospitali yenyewe ina Mganga Mfawidhi, daktari aliyebeba dhamana ya tiba na ya fungu la fedha. Maji, mochwari, ulinzi, chakula cha wagonjwa, magari, majalada ya watumishi na vikao huishia mezani kwa mtu mwingine ambaye mara nyingi si daktari: Katibu wa Afya.

Makatibu wa afya nao hawafanani. Yupo wa mkoa, katika timu ya Mganga Mkuu wa Mkoa. Yupo wa halmashauri, anayeangalia hospitali ya wilaya, zahanati na vituo vya afya kama Makorora, Ngamiani na Pongwe. Na yupo wa hospitali ya rufaa ya mkoa, ambaye ndiye tutakayemfuata zaidi. Mpaka mwishoni mwa 2017 wote walikuwa chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri. Ndipo ukatangazwa uamuzi wa kuzihamishia hospitali za rufaa za mikoa Wizara ya Afya, huku hospitali za wilaya, vituo na zahanati vikibaki pale pale. Kwa hiyo mgonjwa anayetolewa Pangani kuletwa Bombo anavuka wizara njiani. Dizeli ya gari la wagonjwa ni ya halmashauri, kitanda atakacholalia ni cha wizara, na katibu wa Bombo hana mamlaka ya kumwamuru mwenzake wa Pangani hata kidogo. Kinachofanya kazi hapo ni simu na kuheshimiana. Hospitali Teule ya Muheza inaongeza fundo jingine: mmiliki ni Kanisa Anglikana, lakini inatoa huduma za wilaya kwa makubaliano na serikali, hivyo anayeitawala hushika kanuni za pande mbili.

Mtu hufikaje kwenye kiti hicho? Tuseme ni kijana aliyemaliza kidato cha sita Usagara au Galanos. Njia iliyonyooka zaidi ni shahada ya menejimenti ya mifumo ya afya ya Chuo Kikuu Mzumbe, Morogoro, miaka 3. Wapo pia wanaoingia kwa shahada za utawala au rasilimali watu. Ajira huombwa kwenye Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, usaili ukipita mtu hupangiwa kituo kama Katibu wa Afya Daraja la II, na miezi 12 ya kwanza ni ya majaribio. Wengi huanzia halmashauri, na hilo ni jema, kwa sababu huko ndiko hujifunza kuandika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Anayeanzia hospitali kubwa huzoea kuona fedha zikishakuwa tarakimu. Aliyeanzia Kilindi au Mkinga anajua tarakimu ile ni lita ngapi za dizeli na zahanati ngapi za kutembelea.

Fedha ndizo zinazomchanganya kila mgeni wa kazi hii, kwa sababu hospitali haina mfuko mmoja. Mishahara hailipwi kutoka hospitalini. Ruzuku ya dawa ya serikali huingizwa kwenye akaunti ya kituo iliyopo Bohari ya Dawa, MSD, kwa hiyo huwezi kuichota kulipia umeme. Upo Mfuko wa Pamoja wa Afya unaochangiwa na wahisani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu yake inayohusu vituo inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kupitia halmashauri. Zipo fedha za matumizi mengineyo, ambazo huja kwa awamu na huchelewa. Kisha yapo makusanyo ya hospitali yenyewe: papo kwa papo, yaani anayelipa mkononi baada ya kupewa kontrol namba, na malipo ya bima. Uchangiaji wa gharama ulianza 1993 katika hospitali za serikali, na tangu hapo misamaha imekuwa sehemu ya hesabu: wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee wasio na uwezo, wagonjwa wa kifua kikuu na wa VVU. Msamaha hauna fedha inayokuja nyuma yake. Dawa imetoka, kipimo kimetumika, na fungu halikurudi. Katibu asiyeandika misamaha kwa shilingi kila mwezi, akishirikiana na ofisa ustawi wa jamii, hawezi kueleza kwenye kikao kwa nini makusanyo ni madogo ilhali foleni ni ndefu.

Dawa ni jukumu la mfamasia, lakini zikikosekana lawama humfikia katibu pia, hivyo hana budi kujua oda inavyojengwa. Kosa kubwa ni kuagiza kwa kuangalia kilichotoka bila kuangalia siku ambazo dawa haikuwepo. Chukua kipindi cha siku 60. Leja inaonyesha vidonge 9,000 vya amoksilini vimetoka. Mwenye haraka ataagiza 9,000. Lakini kadi ya stoo inaonyesha dawa ilikuwepo siku 40 tu. Gawa 9,000 kwa 40, unapata 225 kwa siku. Zidisha kwa 60, mahitaji halisi ni 13,500. Aliyeagiza 9,000 amejihakikishia kuishiwa tena siku zile zile, na kipindi kijacho leja itarudia uongo ule ule kwa mwandiko mzuri. Dawa ikikosekana MSD, kituo hupewa taarifa ya kukosekana, na hapo ndipo ruhusa ya kwenda kwa mshitiri wa mkoa, yaani mzabuni aliyeteuliwa kuuzia vituo dawa zilizokosekana MSD, inapopatikana. Kwenda dukani bila taarifa hiyo ni hoja ya ukaguzi, hata kama bei ilikuwa nzuri na mgonjwa alipona.

Hesabu ya namna hiyo inahitajika hata kwenye oksijeni, na hapa kosa halisubiri mkaguzi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukifunguliwa kwa lita 5 kwa dakika unakaa saa 22 na dakika 40. Wodi ya watoto ikiwa na watoto 6, kila mmoja kwa lita 2, ni lita 12 kwa dakika, lita 720 kwa saa, lita 17,280 kwa siku. Hiyo ni mitungi miwili na nusu. Ijumaa mchana hadi Jumatatu mchana ni mitungi 8, na akiba isipungue 2. Katibu anayesaini hati ya gari la kwenda kujaza mitungi Ijumaa anapaswa kujua tarakimu hii kabla ya kuamua kwamba gari liende kwanza kumchukua mgeni. Mitungi mitupu itenganishwe na iliyojaa, yote ifungwe minyororo ukutani, na mafuta au grisi visikaribie vali. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta huwasha moto bila kiberiti.

Bima ndiyo sura ndefu zaidi, na kwa maoni yetu ndiyo inayopima uwezo wa msimamizi kuliko nyingine. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, hivyo sehemu ya mapato inayopitia njia hii itazidi kukua. Bima hulipa baada ya huduma, kwa madai, na dai lisilokamilika hukatwa. Wahudumu huona makato kama ukatili wa mfuko. Ukikaa na fomu zilizorudi, ukazipanga mezani moja baada ya nyingine, utaona jambo jingine.

Fomu ya kwanza: mgonjwa wa nje, kikohozi na homa. Mapokezi wamehakiki kadi na kuandika namba ya uhakiki. Daktari ameandika nimonia, akaagiza amoksilini miligramu 500, mara 3 kwa siku, siku 5. Hivyo ni vidonge 15. Dirisha la dawa wametoa 21, kwa sababu wamezoea kutoa dozi ya siku 7. Sita vimekatwa. Fomu ya pili: dawa ya malaria imetolewa, lakini hakuna jibu la kipimo lililoingizwa, dawa yote imekatwa. Ya tatu imekamilika kila kitu ila sahihi ya mgonjwa, aliyeondoka jioni wakati karani wa madai ameshakwenda nyumbani. Ya nne daktari amesaini bila jina wala namba ya usajili. Ya tano ina dawa isiyoruhusiwa kwa ngazi ile ya kituo.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotokana na wizi au uvivu. Kila mmoja alifanya kazi yake na kuacha pengo katika kukabidhi kwa mwenzake. Tiba yake ni mtu mmoja kupitia fomu kabla mgonjwa hajatoka getini, si mwisho wa mwezi. Zikirundikwa mpaka tarehe 30, kinachobaki ni kutafuta sahihi za watu waliokwisharudi Lushoto.

Kwa nini makosa hayo hayaishi? Kwa sababu watu wanabadilika. Hospitali za rufaa za mikoa hupokea madaktari tarajali, wahitimu walio kwenye mafunzo ya vitendo, kwa miezi 12, wakizunguka idara kuu moja hadi nyingine. Wanafunzi wa uuguzi na utabibu kutoka vyuo vya mkoa huja kwa vipindi, huku watumishi wakihama, wakienda masomoni au likizo ya uzazi. Ukisahihisha fomu kwa kundi hili, baada ya miezi mitatu yupo mwingine kwenye meza ile ile ambaye hajawahi kuiona. Makato huelekea kupanda kila kundi jipya linapoingia, na msimamizi aliyedhani ametatua tatizo huanza kutafuta mchawi. Ndiyo maana katika kazi hii ualimu haumsubiri mtu azeeke ndipo ahamie chuoni. Katibu asiyefundisha kila wiki anarudia kazi moja maisha yake yote.

Kufundisha hapa si semina. Tuseme wazi: semina ya siku tatu ukumbini, yenye posho na picha ya pamoja, hubadilisha kidogo sana namna fomu inavyojazwa. Kinachobadilisha ni dakika 20 wodini, wakati wa kukabidhiana zamu asubuhi, kwa fomu halisi iliyorudi na jina la mgonjwa likiwa limefunikwa. Mfundishaji anaonyesha, mmoja anafanya mbele ya wenzake, mwingine anarudia. Mada moja kwa siku. Baada ya wiki mbili unahesabu fomu zilizorudi kutoka wodi ile, ukiziweka na za wodi ambayo haikufundishwa.

Njia hiyo hiyo hufaa kwa wahudumu wa usafi, ambao mara nyingi ni waajiriwa wa mzabuni, hubadilika upesi kuliko wote, na hakuna anayekumbuka kuwaalika kwenye mafunzo. Wao ndio wanaochanganya jiki. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5 hupunguzwa hadi asilimia 0.5 kwa sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji: lita 1 na lita 6, unapata 7. Kanuni yake ni kugawa asilimia ya dawa kwa asilimia unayotaka, kisha kutoa 1. Mzabuni akileta dawa ya asilimia 5, hesabu inakuwa 1 kwa 9, na mhudumu aliyekariri "moja kwa sita" bila kusoma lebo ataunguza mikono na kutia kutu vitanda. Makosa mengine ni kukadiria kwa macho kwenye ndoo ya lita 10, na kutumia mchanganyiko wa jana. Klorini hupungua nguvu, hasa ikiachwa wazi na kwenye jua, hivyo uchanganywe mpya kila siku. Ndoo ichorwe mistari miwili kwa rangi isiyofutika, mmoja wa dawa na mmoja wa maji, nayo ndoo itafundisha hata siku ambayo mwalimu hayupo.

Kwenye taka, masanduku ya sindano hufungwa yakijaa robo tatu. Likipita hapo, mtu husukuma kwa mkono.

Mfumo wa 5S, wa kupanga mahali pa kazi kwa hatua tano, uliotoka Japani na kujaribiwa kwanza nchini katika Hospitali ya Rufaa ya Mbeya kuanzia 2007, umepata maneno mazuri ya Kiswahili: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Hospitali nyingi huweza nne za mwanzo. Bango linabandikwa, rafu zinapakwa rangi, wageni wanapigwa picha. La tano ndilo linalofia njiani, kwa sababu ileile ya watu kubadilika, na kwa sababu hakuna aliyepewa rafu ile kwa jina. Dawa yake ni karatasi moja kwenye kila kabati yenye jina la mwenye zamu ya kulikagua, na katibu mwenyewe kupita.

Akipita atayaona majengo. Bombo imekaa juu ya mwamba unaotazama bahari, na jengo la enzi ya Wajerumani bado limesimama hapo. Mandhari ni nzuri kwa mgonjwa anayepata nafuu na mbaya kwa chuma. Upepo wa chumvi hula mabati, misumari, mapezi ya viyoyozi vya nje na vifaa vya chuma vilivyohifadhiwa vikiwa na unyevu. Bajeti ya matengenezo iliyonakiliwa kutoka hospitali ya Dodoma haiwezi kutosha pwani, na hoja hii inafaa kuandikwa kwenye dokezo la bajeti kwa maneno hayo hayo. Jenereta nayo ina mtego wake. Kuliwasha kila wiki bila mzigo, kusikia linanguruma na kuridhika, huacha mafuta yasiyoungua yakajikusanya ndani ya injini. Liwashwe likiwa limebeba mzigo halisi, si chini ya theluthi ya uwezo wake, kwa dakika 30, na wakati huo mtu awe chumba cha upasuaji akithibitisha kuwa umeme umefika.

Swali linalomfikia katibu kila bajeti ni kama hospitali inahitaji vitanda zaidi. Wodi ya vitanda 30 katika mwezi wa siku 30 ina siku-kitanda 900. Wagonjwa wakilala jumla ya siku 1,080, matumizi ni asilimia 120, maana yake kila usiku kuna wagonjwa sita wanaolala wawili wawili na wenzao au chini. Lakini kabla ya kuomba vitanda gawa siku hizo kwa idadi ya wagonjwa waliotoka, ujue kila mmoja alikaa siku ngapi kwa wastani. Mara nyingine wagonjwa wanaosubiri jibu la maabara, au wanaomsubiri ndugu anayetafuta fedha ya kulipa, ndio wanaojaza wodi, na kitanda kipya hakitawaondoa. Takwimu hizi hutoka Kitabu namba 14 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambacho ni cha waliolazwa. Kikijazwa mwisho wa mwezi kwa kukumbuka, hesabu yote ni hadithi.

Wapo makatibu ambao baada ya miaka kadhaa huchukua shahada ya uzamili, Mzumbe au Muhimbili, kisha wakavutwa na vyuo. Walimu wa vyuo vya afya wengi walikuwa watendaji wazuri kabla ya kuwa walimu, na kujua kazi si kujua kuifundisha. Kituo cha CEDHA, Arusha, ndipo wengi hupata mafunzo ya ualimu wa fani za afya. Mitaala ya vyuo vya kati husimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, ngazi ya 4 hadi ya 6, na hupimwa kwa umahiri: mwanafunzi anatakiwa aonyeshe anaweza. Aliyetoka hospitali ana hazina ambayo kitabu hakina, leja mbovu, fomu zilizokatwa, dokezo lililokataliwa. Asichoke kuzigeuza kuwa mazoezi ya darasani, akifuta majina yote. Kasoro yake ya kawaida ni kufundisha hospitali moja kana kwamba zote ziko hivyo. Mwanafunzi atakayepangiwa zahanati huko Bumbuli yenye wahudumu wawili atahitaji kujua namna ya kupanga zamu kwa wawili.

Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiari 55. Madaktari bingwa na maprofesa waliongezewa hadi 65, lakini katibu hayumo. Kwa miaka mingi amekuwa akihangaikia majalada ya wenzake kabla hayajakwenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma: barua ya kupandishwa daraja iliyopotea, tarehe ya kuzaliwa isiyolingana kati ya fomu ya ajira na cheti. Lake mwenyewe huachwa la mwisho, ingawa alipaswa kulikagua angalau miaka mitano kabla.

Kisha makabidhiano. Hati nzuri huorodhesha mikataba ya usafi, ulinzi na chakula pamoja na tarehe zake za kwisha, madeni ya wazabuni, kesi na malalamiko yasiyofungwa, masurufu (fedha zilizochukuliwa kabla ya shughuli) yasiyorejeshwa na nani anadaiwa, magari na hali ya matairi, funguo zikiwa na vibandiko, na vikao ambavyo maazimio yake hayajatekelezwa. Akaunti za mifumo zisikabidhiwe kwa kuandikiana nywila kwenye karatasi. Ya anayeondoka ifungwe na ya anayeingia ifunguliwe kwa jina lake. Na namba ya simu inayopokea ujumbe wa mifumo iwe ya ofisi, kwa sababu ikiwa ya mtu, ujumbe wa kuthibitisha malipo utaendelea kulia shambani kwake Mlalo huku mhasibu wa Bombo akiusubiri.